Jumba Lisilo na wa Kuitikia Hodi

Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Aprili, saa tatu na dakika kumi asubuhi, gari lilipiga honi nje ya geti letu hapa Malvern, na mama akasema, "Anapiga honi kama muuza mkaa. Kushuka akabisha hodi hawezi?"

Nikajua siku imeanza vibaya.

Aliyepiga honi ni kijana anayetaka kumwoa dada yangu. Anaendesha gari la kubeba abiria wanaoita kwa simu, na siku hiyo alikuwa amelisafisha hadi mazulia ya chini. Kwao ni Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako, anavyopenda kujisifu, hata paka wanajua Kiswahili. Sisi ni watu wa Tanga, ingawa mimi nimezaliwa huku Johannesburg na shuleni nazungumza Kiingereza, pale ninapozungumza. Daftari hili naliandika kwa Kiswahili kwa sababu darasani kwetu hakuna anayeweza kulisoma.

Sasa nieleze kwa nini siku yenyewe ilikuwa nzito. Baba alirudi Tanga kumuuguza bibi, na bado yuko huko. Alimuulizia kijana kwa watu wa msikitini, akaambiwa hana baya. Chumba alichopanga mtaa wa Observatory mama alikwenda kukiona, akarudi akasema kina dirisha zuri. Lililobaki likawa la wanawake. Baba alisema kwenye simu, tena kwa sauti kubwa ili sote tusikie: "Mama yenu akionana na mama wa kijana akaridhika, na mimi nimeridhika. Asiporidhika, msiniulize." Basi ndoa ya dada yangu ilikuwa imening'inia kwenye Jumamosi moja, na dada alilijua hilo, maana asubuhi ile alibadilisha shungi mpaka akarudia lile la kwanza.

Mama ni fundi cherehani, ana kibanda chake Jules Street. Ana mambo machache asiyoyalegeza, na moja ni hili: mwanamke humjui mpaka umepiga hodi kwake, amekuitikia, umekaa jikoni kwake, umekunywa maji yake. "Siendi kuhesabu sufuria," husema. "Naenda kusikia anavyosema karibu." Kwa hiyo alikuwa amenunua doti ya kanga, akaifukiza udi, akaitia kwenye mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe. Kanga hiyo hukabidhiwa mwenye nyumba ndani ya nyumba yake. Ukishaitoa, umekubali ukwe.

Lakini mama wa kijana hakutukaribisha kwake. Alituma ujumbe kwamba angependa tukutane kwenye jumba la kihistoria, lile la Kiingereza juu ya kilima, alilolijenga tajiri mmoja wa migodi zamani za dhahabu. Siku hizi watu huenda kulitembelea, kisha wanakunywa chai bustanini.

Mama alisoma ujumbe ule, akamrudishia dada simu. "Jumba la nani?"

"Ni la makumbusho, mama."

"Haya. Wenzetu wanaonana na wakwe majumbani, sie tunaonana makumbusho. Labda anataka kututia kwenye kabati la kioo."

Dada alicheka kidogo, akaona mama hacheki, akaacha.

 Njiani kila robot tuliyoifikia, yaani taa za barabarani, ilikuwa nyekundu, na kila tukisimama kijana alisema, "Eish, pole, mama," kama vile taa zile amezitundika yeye. Mama alimjibu mara moja tu: "Hujambo wewe, endesha." Mfuko wa kanga ulikuwa mapajani mwake.

Mama ana kopo kuukuu la biskuti anamowekea sindano na nyuzi. Kwenye mfuniko kuna picha ya nyumba ya Uingereza: mabomba mengi ya moshi, madirisha ya vipande vidogo vidogo vya kioo, maua ya waridi, na majani yaliyopanda ukutani. Tangu utotoni nimeitazama picha ile nikidhani ni ya kubuni. Tulipopita geti na gari kuzunguka kona, nikaiona mbele yangu. Ilikuwa nyumba ya kwenye kopo. Tofauti yake tu ni kwamba nyuma yake, kule bondeni, barabara kuu ilikuwa inavuma magari.

Mama wa kijana alitusubiri mlangoni. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, kitenge cha njano kipya hadi kilemba, na vidole vya msusi, vile ambavyo havitulii hata vikiwa havina nywele. Ana kiti chake katika saluni moja Yeoville. Dada alikwenda kusuka pale mwaka jana, nami nikamsindikiza, kijana akaja kumletea mama yake chakula cha mchana, na ndivyo mambo yalivyoanza. Alimkumbatia mama kwa mashavu yote mawili. "Karibuni sana, mama. Mumefika salama? Merci, merci, mumekuja."

"Tumefika, mwenzangu. Alhamdulillahi."

Kisha akatokea mtembezaji wetu, bibi wa Kizungu mwembamba mwenye miwani inayoning'inia shingoni, akasema kwa Kiingereza tumfuate. Dada alikuwa amebaki nyuma na mchumba wake, wakinong'onezana. Wazee wote wawili wakanigeukia mimi. Mimi, ambaye mwalimu akisema nani atasoma, ninainama kutafuta penseli ambayo sijaipoteza. Ndimi nikawa mkalimani.

Mlango wa jumba ulikuwa mrefu, wa mbao nyeusi, uko wazi. Mtembezaji akapita. Mama wa kijana akapita. Mama yangu akasimama pale kwenye kizingiti, akavua viatu, akaviweka pembeni kwa adabu, na akasema kuelekea lile giza la ndani:

"Hodi!"

Sauti ikapanda kwenye ngazi kubwa, ikarudi.

"Hodi!" mara ya pili.

Yule bibi akaniuliza kama mama anajisikia vibaya. Uso ulinichoma hadi masikioni. Nikasema kwa Kiingereza kwamba anaomba ruhusa ya kuingia. "Kwa nani?" bibi akauliza, si kwa ubaya, alitaka kujua kweli. Mimi nikaviangalia viatu vya mama.

Hapo mama wa kijana akatoka haraka, akasema, "Karibu, mama, karibu, muingie! Viatu muvae tu, hapa wanaingia navyo."

Mama alivaa viatu taratibu. Akanipita, akaninong'oneza, "Anakaribisha watu nyumba ya marehemu Mzungu."

Sikuwa nimewahi kuona nyumba kama ile. Nikiwa mkweli, niliipenda, na hilo linanisumbua hadi sasa ninavyoandika. Ilinukia nta na vitabu. Kulikuwa na meza ya kulia ndefu kuliko korido yetu, vichwa vya swala ukutani, na picha ya mwenye nyumba mwenyewe, sharubu zimemfunika mdomo, anakutazama kama umechelewa. Kila sebule ilikuwa na viti vya mahameli, na mbele ya kila kiti kamba nyekundu.

"Viti vyote hivi," alisema mama, "na hakuna pa kukaa?"

"Anasemaje?" akauliza mtembezaji.

"Anasema ni vizuri," nikajibu.

Hadi hapo nilidhani mambo yatapona. Mama wa kijana alikuwa anamwonyesha mama pazia, na mama, ambaye hawezi kuona kitambaa akakiacha, alisogea mpaka kwenye kamba, akasema kwamba pindo lile limeshonwa kwa mkono. Walianza kuzungumza kidogo, mmoja juu ya pindo, mwingine juu ya nywele, namna kazi ya mikono inavyoumiza mgongo. Dada akaniangalia, akashusha pumzi.

Ndipo tukafika kwenye kimeza kidogo karibu na ngazi, juu yake sinia ya fedha. Mtembezaji akaeleza, nami nikageuza, sentensi kwa sentensi, bila kujua inaelekea wapi. Alisema zamani wageni walifika mlangoni, wakampa mtumishi kadi yenye jina lao, naye akaiweka kwenye sinia. Mtumishi alipanda juu kwa bibi mwenye nyumba. Bibi kama hataki kupokea wageni, mtumishi alirudi akasema bibi hayupo nyumbani. Hata kama alikuwa juu pale, wanamsikia akitembea. Na mgeni alielewa, akaondoka, hakuna aliyekasirika.

Nilipomaliza, mama alisogea karibu na kimeza. Kisha akasema polepole, macho yake kwenye sinia:

"Ahaa. Kumbe kuficha mlango ni desturi ya zamani. Mie nilidhani imeanza juzi."

Hakumtaja mtu. Hakuhitaji. Mama wa kijana alishika ncha ya kilemba chake akaifunga upya, ingawa haikuwa imefunguka. Kijana akajikohoza. Mtembezaji akatabasamu, akaniuliza mama amesemaje.

"Anasema inavutia sana," nikasema.

Kutoka hapo kila mmoja alitembea na lake. Tulipofika mahali pa kupanda kwenda ukumbi wa dansi, mama wa kijana alisema magoti yanamuuma, atasubiri chini. Mama akasema, "Mpumzishe mwenzangu," akimaanisha nibaki naye. Wengine wakapanda na mtembezaji. Yeye, badala ya kutafuta benchi, akanishika mkono akanipitisha kwenye mlango mwembamba nyuma ya jiko. Alikuwa anaijua njia.

Kulikuwa na korido yenye kengele nyingi ukutani, kila moja na jina la chumba chake, na mwisho wake chumba cha mtumishi. Kitanda cha chuma, beseni, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha juu sana, la kupitisha mwanga bila kukuonyesha kitu. Huku hakukuwa na kamba. Nadhani hakuna anayetamani kugusa.

Mama wa kijana alisimama katikati akanyoosha mikono, kama anayepima kitambaa.

"Hiki kinapita changu," akasema.

Nilidhani anatania. Nilitabasamu, kisha nikaona hatanii.

"Ninakaa pale pale juu ya saluni, mwanangu. Ni sebule moja, tumeigawa kwa mapazia. Upande huu familia ya Bukavu, watu wa kanisa, wazuri sana, lakini watoto wanalia. Upande ule kijana wa Malawi, anakoroma kama jenereta. Mimi niko kwa dirisha. Jiko ni la wote, tunapeana zamu. Sasa mama yako, fundi, mtu wa heshima, ningemuketisha wapi? Juu ya kitanda?"

Nilikitazama kile kitanda cha chuma. 

"Nilipofika mji huu nilikuwa namsuka mama mmoja mwenye gari. Siku moja akanileta hapa, akanipa chai kule bustanini, kikombe chenye maua. Nikasema moyoni, Mungu akinipa mkwe, nitamunywesha chai hapa. Ndiyo pahali pazuri ninapopajua." Alitazama lile dirisha la juu. "Kijana wangu alikataa. Aliniambia, mama, walete nyumbani. Ni mimi nilisema hapana. Usimuambie mama yako. Ni aibu ya mtu muzima."

"Sawa, mama," nikasema.

Hilo ndilo neno langu pekee. Nimeliandika hapa kama lilivyokuwa.

Chai ilikuja bustanini, chini ya waridi, kwenye vikombe vyenye maua. Mama wa kijana alimmiminia mama mwenyewe, hakumwachia mhudumu, akamwekea skonzi, akamsogezea siagi. Mama alisema ahsante. Alizungumza juu ya hali ya hewa, akauliza habari za Bujumbura, akasifu bustani. Lakini kikombe hakukigusa. Niliitazama ile chai mpaka ikafanya utando juu. Dada naye aliitazama. Mama wa kijana aliitazama zaidi yetu sote, na baada ya muda vidole vyake vikatulia kabisa mezani, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake hata saluni.

Tuliporudi kwenye gari, mfuko wa kanga ulikuwa bado mkononi mwa mama, umefungwa vilevile.

Nyumbani mama aliswali, akavaa dera, akaanza kumenya vitunguu. Dada alisimama mlangoni pa jiko bila kuvua shungi.

"Mama, sema tu."

"Niseme nini? Chai ilikuwa na baridi."

"Mama!"

Mama aliweka kisu chini. "Mwanangu, sina neno na kijana. Sina neno na chumba. Lakini yule mwanamke ndiye utakayemkimbilia ukijifungua, ukigombana na mumeo, ukiugua mie sipo. Leo kanificha mlango wake. Sijui anaficha nini nyuma yake. Deni? Ugomvi? Mume mwingine? Kesho jioni nampigia baba yenu, namwambia bado."

Nyumbani kwetu "bado" ya mama tunaijua. Kuna kaka mmoja wa Zanzibar aliwahi kuambiwa bado, sasa ana watoto, na mke mwingine.

Dada hakulia mbele yake. Alikwenda chumbani kwetu, akalala na nguo zake za kutokea, uso ukutani. Mama akanigeukia.

"Na wewe. Ulikuwa naye kule nyuma muda wote ule. Alikwambia nini?"

Vitunguu vilikuwa vinaniwasha macho. Niliwaza: nikisema, dada anaolewa labda, na yule mama anavuliwa nguo jikoni kwetu akiwa hayupo. Na mama yangu hatamchukia kwa umaskini, hilo najua, lakini atakuwa ameujua kwa mdomo wangu, si kwa mlango wake. Nisiposema, ni bado.

"Alisema magoti yanamuuma," nikasema.

Mama alinitazama sana. Kisha akarudi kwenye vitunguu.

Kitandani nilimsikia dada akipumua kama mtu anayejifanya amelala. 

Asubuhi, Jumapili, niliamka kabla yao. Nilimwambia mama kupitia mlango kwamba nakwenda spaza kununua mkate. Sikwenda spaza. Nilipanda teksi, nikashuka, nikapanda nyingine, kisha nikatembea hadi Yeoville huku nikifanya mazoezi ya sentensi moja, na kila nilipoifikisha mwisho ilibadilika.

Saluni ilikuwa imefungwa. Pembeni yake kuna ngazi ya saruji. Juu, mlango wa chuma, na nyuma yake kimya, si kelele za watoto nilizozitarajia. Nilisimama pale nikataka kurudi. Halafu nikavua viatu.

"Hodi," nikasema, kwa sauti yangu ile ya darasani. Hakuna kitu.

"Hodi!" Mbwa akabweka mtaani.

Mara ya tatu niliipiga kwa nguvu mpaka nikajishtukia. Hodi tatu zikipita bila jibu, inabidi uondoke. Nilisikia pazia likiburutwa kwenye waya, kandambili, kisha sauti kutoka ndani, bado haijajua ni nani:

"Karibu!"

Alifungua, akaniona mimi na viatu vyangu mkononi, akashika mdomo.

"Sijamwambia," nikasema haraka, kabla sentensi haijanikimbia. "Lakini anafikiri unaficha jambo baya. Leo jioni anampigia baba. Chai yako hakuinywa kwa sababu ile haikuwa nyumba yako. Hapa atainywa. Hata juu ya kitanda."

Nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo kwa mtu mzima.

Alinipisha nikaingia. Mapazia yalikuwa kama alivyosema, moja la maua, moja la shuka la bluu. Kwenye upande wake kulikuwa na kitanda kilichotandikwa kikanyooka, mswala umekunjwa, vitana vimepangwa kwenye mkebe, na dirishani chungu cha waridi dogo la rangi ileile ya kule bustanini. Alikaa kitandani, uso dirishani. Nilisikia friji ya jikoni inanguruma.

"Wale wa Bukavu wako kanisani," akasema hatimaye, kama anaongea na dirisha. "Wanarudi saa nane. Yule wa Malawi ameenda kazini." Akasimama, akakung'uta shuka ambalo halikuwa na vumbi. "Kama anakuja, aje sasa. Mimi naweka maji."

Nilitoa simu. Mama alipokea kabla haijalia vizuri. "Mkate umeufuata Durban? Uko wapi wewe?"

"Yeoville. Kwa mama wa kijana. Nyumbani kwake, juu ya saluni." Nikaongeza: "Nimepiga hodi, mama. Nimekaribishwa."

Nilisikia cherehani yake ya nyumbani ikisimama. Jumapili na anashona, ndivyo anavyokuwa akiwa na mawazo. Niliitazama simu nione kama imekatika.

"Ngazi zake nyingi?" akauliza.

"Si nyingi."

Akakata. Hakusema anakuja, hakusema haji.

Nilishuka kumsubiri, nikasimama kwenye robot, mahali teksi hushushia watu. Juu, dirisha lenye waridi lilikuwa limefunguliwa. Kila teksi iliyosimama, kila mwanamke aliyeshuka, sikuangalia uso. Niliangalia kwanza mikono, kama ameshika mfuko wa kitambaa.